Maji ya Udhu

Mwaka ule watu wa pwani walipoinuka kupigana na Wajerumani, mji wa Bagamoyo ulimwaga watu wake Misheni. Mizinga ya manowari ilikuwa ikilia tangu alfajiri. Moshi ulikuwa mwembamba, mweupe, umelala katikati ya minazi, na watu walitokea ndani yake kidogo kidogo: kwanza miguu, kisha vifurushi, mwisho nyuso. Nilikuwa nimesimama kwenye njia ya kanisani nikiwatazama, na sikuweza kuamini kama niko macho. Walikuwa watu wa majumba ya mawe, ambao siku nyingine wasingepita hata karibu na ua wetu.

Mimi nilikuwa mke kijana katika kijiji cha Wakristo pale Misheni, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mume wangu alikuwa mkwezi wa minazi ya mapadre. Tulikuwa na nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, na kimoja kilikuwa kitupu. Mtoto wetu wa kwanza tulikuwa tumemzika masika yaliyopita, na tangu siku ile sikutandika kitu chochote mle ndani.

Sista mkubwa alikuwa akipita baina ya watu na kuwagawa: familia hii nyumba ile, wagonjwa hospitalini, wanaume kwenye ghala. Aliponifikia alinishika bega.

"Mwanangu, wewe una chumba."

"Ninacho, Mama."

"Mchukue yule. Haoni, na hana mtu."

Akanionyesha mwanamke mzee aliyeketi chini, mgongo umenyooka, kifurushi cha nguo mapajani. Macho yake yalikuwa na utando mweupe kama maji ya dafu. Kwanza sikumtambua. Kisha akakohoa, kikohozi kikavu cha mara mbili na kituo, nami nikakitazama kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto. Kilikuwa kimepinda kwa ndani, kama nilivyojua kitakuwa.

Alikuwa Bibi. Niliwahi kuwa mtumwa wake.

Nililetwa kwake kutoka bara, nikiwa mdogo kiasi kwamba meno yangu ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanaota. Sikujua Kiswahili. Nyumbani mle mlikuwa na msichana mwingine, mkubwa kwangu kwa miaka minne au mitano, na yeye ndiye aliyenifundisha kusema "maji" na "moto" na "nashika miguu." Nilimwita dada. Tulilala kwenye jamvi moja chini ya ngazi. Alikuwa akicheka usingizini, kicheko cha chini, cha mtu anayetekenywa, na mimi niliamka kumsikiliza kwa sababu mchana hakuna aliyecheka. Asubuhi moja niliamka nikakuta upande wake wa jamvi una baridi. Mpishi akaniambia dada ameuzwa ng'ambo, ameshapakiwa chomboni, na nisiulize tena.

Sikuuliza. Baadaye mguu wangu ukaota donda ndugu, likanuka, Bibi akaamuru nipelekwe kwa masista wakanioshe. Aliyenibeba aliniweka mlangoni akaenda zake. Donda lilipopona hakuna aliyerudi kunichukua. Hivyo ndivyo nilivyopata uhuru: nilisahauliwa. Nikabatizwa, nikasoma, nikaolewa, nikazika. Bibi nilimwacha upande wa pili wa maisha yangu. Nami nilimchukia bila kelele.

Nilimjibu Sista, "Ndiyo, Mama." Nikamwinua Bibi kwa mkono, nikamwongoza nyumbani. Njia nzima alinishukuru. Aliniita mwanangu. Zamani aliniita "we."

Mume wangu aliporudi, alama za kamba bado zinaonekana vifundoni mwake, nilimvutia nyuma ya nyumba nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa maneno.

"Umemwambia Mungu?" akauliza.

"Nimwambie nini? Si yeye ndiye aliyemleta?"

"Basi mwambie hivyo hivyo."

"Na nikishindwa?"

Akaitazama minazi. "Mimi nikiwa chini sijui kama nina imani," akasema. "Huko juu natia mguu kwenye pengo lililochongwa mnazini, nategemea litanishika. Sitii miguu yote miwili kwa wakati mmoja. Kesho mpe uji. Keshokutwa tutaona."

Kesho yake, kabla jua halijatoka, Bibi aliita kutoka chumbani.

"Nani yupo?"

"Mimi, Bibi."

"Nipe maji ya udhu, mwanangu. Na unielekeze kibla, maana humu sijui nimekaaje."

Nilisimama na kata ya maji mkononi nikasikia mwili wote unakuwa mwepesi, kama mtu aliyeota kwamba amerudi mahali alipokwisha kutoka. Miaka yangu yote nyumbani kwake, kazi yangu ya kwanza kila alfajiri ilikuwa hiyo: maji ya udhu ya Bibi. Nilijua anapenda yamiminwe polepole. Nilijua ataanza kwa kuosha viganja, atasukutua, na kwamba maji yakifika kwenye kiwiko cha kushoto atavuta pumzi. Nikammiminia. Viganja, kinywa, pua, uso, mikono. Alipofika kwenye kiwiko cha kushoto akavuta pumzi.

Kisha nikamshika mabega, nikamgeuza kaskazini, nikamwacha na Mola wake, nami nikaenda kanisani kwa wangu. Nilipiga magoti. Katika sala ile aliyotufundisha Bwana kuna mahali pa kuomba kusamehewa, na papo hapo pana ahadi yetu sisi ya kusamehe. Wenzangu walipofika pale mimi nilifumba mdomo. Niliruka maneno yale kama mtu anavyoruka shimo njiani, nikaungana nao mbele. Nilifanya hivyo asubuhi nyingi.

Siku zilipita katika moshi ule. Kijiji kilikuwa kimejaa watu mpaka kwenye vibaraza, na sauti zao mchana kutwa zilikuwa kama nyuki ndani ya mzinga. Tuligawana mihogo na samaki wakavu. Bibi hakuwa msumbufu. Alikula alichopewa. Alikaa kizingitini akivuta tasbihi, uso ameuelekeza baharini asikokuona, na mara nyingine aliniuliza mawimbi yana rangi gani leo. Nilimjibu maneno mawili matatu. Mara moja alisema, "Una mkono mwema wa kumimina maji. Nani alikufundisha?" Nikasema sikumbuki.

Ningeweza kuandika hapa kwamba moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Ulikuwa ukifanya kazi ya mikono huku ukitazama pembeni.

Alasiri moja, wakati wa swala, nilimgeuza vibaya.

Nilikuwa nimetoka kufagia kaburi la mwanangu. Nilikuwa nimechoka, na nilipomshika mabega nikawaza: huyu hajui kitu. Nikiamua, anageukia popote. Mikono yangu ikamzungusha ikapita kaskazini, ikamweka akielekea kusini kabisa, kwenye ukuta uliotundikwa majembe na kikapu cha maganda. Akasema, "Ahsante, mwanangu." Akainua mikono, akaanza.

Nilikaa chini nikamwangalia. Alisoma kwa sauti ndogo, akainama, akasujudu mbele ya majembe. Paji lake la uso liligusa sakafu yangu ya udongo. Nilitegemea kufurahi. Badala yake nikaona jinsi nyayo zake zilivyokuwa zimepasuka, nyayo za mtu aliyekimbia bila viatu, na nikaona ananong'ona kwa bidii ile ile, akimwamini Mungu na akiniamini mimi. Hakujua kwamba mmoja kati ya hao wawili aliowaamini alikuwa amemdanganya. Chumba kilitulia hata nikasikia vumbi la makuti likidondoka. Na ndani ya utulivu ule lilinijia neno moja. Sikulisikia kwa masikio, wala sitaki kulikuza kuliko lilivyokuwa. Lilikuwa ni "Mwambie."

Nikabisha. Nikasema moyoni: kesho nitamgeuza sawasawa, nitaungama kwa padre, yatakwisha. Neno halikuongezeka wala halikupungua. Lilikaa tu mle chumbani, kama mtu mwenye subira aliyeketi kwenye kigoda.

Bibi alitoa salamu ya mwisho, kuliani na kushotoni.

"Bibi," nikasema, "umeswali umeipa kibla mgongo. Nimekugeuza vibaya kwa kusudi."

"Kwa kusudi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, mwanangu? Nimekukosea nini?"

Nilikuwa nimeyatunza maneno yale miaka, nimeyapanga na kuyapangua kisimani na shambani, lakini yalitoka machache mno. "Nilikuwa mtumwa wako. Nililala chini ya ngazi. Ulimuuza dada yangu, na mimi ukanitupa kwa masista na donda langu."

Nilingoja akane, au alie, au anikaripie kama zamani. Akaugeuza uso wake huku na huku, akinitafuta kwa masikio.

"Nilikuwa na wasichana wengi," akasema polepole. "Wewe ulikuwa yupi?"

Sijui niandikeje nilivyosikia. Usiku na mchana wa utoto wangu, kule kuamka na kukuta jamvi lina baridi, yote niliyomshitakia mbele ya Mungu miaka hiyo yote, yeye hakuwa nayo. Hakukumbuka. Nilikuwa nimebeba peke yangu mzigo nilioudhani tumeushika wawili.

"Basi," akasema Bibi, "nigeuze vizuri niirudie swala. Wakati bado haujatoka."

Nikainuka. Nikamgeuza kaskazini, nikamnyooshea mswala, nikahakikisha mara mbili. Na alipoinua mikono nikatoka nje nikalia karibu na jiko mpaka mume wangu akaja akaketi kando yangu bila kuuliza. Jioni ile tulisali wawili mbele ya nyumba. Nilipofika kwenye yale maneno ya kusamehe niliyasema. Sikuyasema kwa furaha. Niliyatia mguu tu, nikaona yananishika.

Baada ya siku tatu, nilipokuwa nikimpaka Bibi mafuta ya nazi kwenye nyayo, akaanza mwenyewe.

"Yule mwenye donda, nimemkumbuka. Ulikuwa mwembamba, na hukusema."

"Ndiye mimi."

"Na mwenzio alikuwa akicheka usingizini. Nilimsikia kutoka juu. Yule hakuuzwa ng'ambo. Nani alikwambia?"

"Mpishi."

"Mpishi alisema ili usisumbue. Binti yangu alipoolewa Saadani nilimpa aende naye. Nilimtoa alfajiri bila kukuaga. Sikufikiri kwamba kuna wa kuagwa." Kidole chake kilichopinda kilikuwa kikikwaruza mkeka. "Sasa nakaa hapa gizani nafikiri mambo mengi ambayo zamani sikuyafikiri. Usinijibu, mwanangu. Endelea na mafuta."

Nikaendelea na mafuta.

Vita vilipotulia, watu walirudi mjini kwenye kuta zilizoungua. Jamaa za Bibi walikuja kumchukua, akaondoka amenishika mkono mpaka mwisho wa uwanja. Mimi na mume wangu tukamwomba padre ruhusa tukashika njia ya kaskazini kwenda Saadani kumtafuta dada. Padre aliuliza kama njia ni salama. Mume wangu akasema hajui, ila Mungu aliyetuonyesha tuliko na ndugu hakutuonyesha ili tukae nyumbani. Padre akacheka, akatubariki, akatupa na mkate.

Ile safari ninaikumbuka kama kitu nilichokitazama ndani ya maji. Tulipita Winde, vijiji vimenyamaza, mbwa hawabweki. Kwenye Mto Wami mzee mmoja alituvusha kwa mtumbwi, na viboko walikuwa wamezama, tunaona pua zao tu zinazotoa mvuke asubuhi. Ng'ambo ilikuwa mikoko, kisha mikoko ikaisha, tukatokea kwenye uwanda mweupe wa chumvi. Jua lilikuwa juu, na weupe ule ulifuta mpaka kati ya ardhi na mbingu. Wanawake waliokuwa wakikwangua chumvi kwa mbali walionekana wakielea. Nilitembea kuelekea kwao nikiwa sijui hata nitauliza nini, maana jina alilopewa na Bibi huenda aliliacha kama mimi nilivyoliacha langu.

Sikuuliza. Mmoja wao, mnene, kaniki yake imefungwa kifuani, alimcheka mwenzake aliyeteleza, na kile kicheko kilikuwa cha chini, cha mtu anayetekenywa. Nikasimama palepale. Akanitazama mimi na guo langu la Kikristo na rozari shingoni.

"Mgeni, unamtaka nani?"

"Nilikuwa nalala kando yako chini ya ngazi," nikasema.

Mti wake wa kukwangulia ukamtoka mkononi. "Wewe ulikufa," akasema. "Waliniambia ulikufa kwa donda. Nimekusomea fatiha kila mwaka."

Nikaketi chini kwenye chumvi. Naye akaketi. Tukashikana mikono, na mikono yake ilikuwa na nyufa za chumvi, na tukakaa vile hata wale wanawake wengine wakarudi kazini kwao.

Tulikaa kwake siku nne. Binti ya Bibi alikuwa amemwacha huru alipojifungua salama, kwa nadhiri. Dada aliolewa na mvuvi, alikuwa na watoto watatu, na mkubwa alimpa jina langu la utumwani akidhani anamrithisha marehemu. Aliniuliza kuhusu dini yangu na mimi nikamwuliza kuhusu yake, na hatukugombana. Siku ya tatu akasema, "Na Bibi yu hai?" Nikamweleza yote, hata habari ya majembe. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa upande wa nguo, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Uliwezaje kummiminia maji?" akauliza.

"Sikuweza. Niliambiwa nikafanya. Kuweza kulikuja nyuma nyuma, na hata sasa sijui kama kumefika."

"Mimi sitakwenda kumwona," akasema. "Labda siku nyingine Mungu atanituma. Bado hajanituma."

Sikumsukuma. Nilikuwa nimejifunza kwamba neno lile huja kwa kila mtu kwa wakati wake, tena dogo, na la kazi ya siku ile tu. Mimi sikuwahi kuonyeshwa uwanda wa chumvi. Nilionyeshwa kata ya maji, kisha mabega ya mwanamke mzee, kisha sentensi moja ya kusema. Laiti ningeonyeshwa mwisho wake mapema, ningeufuata kwa ajili ya mwisho ule, na labda nisingemfuata Mungu hata kidogo.

Tulirudi Bagamoyo. Ndugu yangu alikuwa akituma chumvi kila kiangazi kwa watu wanaopita, na mara mbili alikuja mwenyewe na watoto. Katika chumba kile kitupu nilimlaza mtoto wangu wa pili, binti, naye aliishi.

Bibi aliishi mwaka na ushei baada ya vita. Nilikwenda kumtazama mjini Jumapili baada ya Misa, si kila Jumapili, maana zilikuwapo siku nilizopita mbali na mtaa wao kwa makusudi, nikazijutia. Jumapili moja nilikuta mlango wazi na wanawake wamejaa ukumbini, ubani unafuka. Alikuwa amekufa alfajiri. Nilisimama kizingitini na rozari yangu, sijui kama niingie. Mmoja wa wakwe zake, asiyenijua, akaja akauliza kwa upole mimi ni nani kwa marehemu.

Nilitafuta neno. Mtumwa halikuwa kweli tena, na mtoto halikupata kuwa kweli.

"Mimi ni jirani yake," nikasema.

Akawasogeza wengine, nikapata nafasi kwenye mkeka, nikaketi nao mpaka walipomtoa.